Mzee Jedwali, Mwalimu Aliyelifuta Basi Letu Mbele ya Bodi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu mkufunzi wetu wa hifadhidata atafunga mlango wa maabara ya kompyuta, atakijaribu kitasa mara mbili kama kawaida yake, kisha atakwenda nyumbani akiwa mstaafu. Kwao ana jina lake. Hapa chuoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo, anaitwa Mzee Jedwali, naye anaitika.

Kamati ya ustawi wa watumishi ilipokaa kutafuta mtu wa kuandika wasifu huu, walitajwa wasomi wenye shahada zao. Nikachaguliwa mimi, dereva. Sikushangaa. Wasomi wangeandika alichosomea, mimi nimembeba. Mtu akikaa kwenye kiti chako cha mbele miaka yote hiyo, kwenye lami na kwenye makorongo, unamjua kuliko vyeti vyake. Tena mimi ni mtu niliyetembea. Nimevuka mipaka, nimelala bandarini, nimeendesha kila chombo chenye magurudumu isipokuwa ndege, na hiyo ni kwa sababu hawajaniomba. Shule niliiacha mapema kabla haijaniacha yenyewe, kwa hiyo msomaji asihofu: humu hakuna neno litakalomshinda, maana lingeanza kunishinda mimi.

Mzee Jedwali hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Aliingia hapa akiwa karani wa masijala, kijana mwembamba wa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kooni, kazi yake kupanga majalada ya wanafunzi kwenye makabati ya chuma. Kompyuta ya kwanza ya chuo ilipofika iliwekwa ofisini kwa mkuu wa wakati huo, ikafunikwa kitambaa cha maua, na kwa muda mrefu hakuna aliyeigusa ila mhudumu wa usafi aliyekuwa akikung'uta kitambaa. Karani akaenda kuomba aifunue. Akaulizwa anajua nini kuhusu mashine ile. Akajibu kwamba hajui kitu, lakini kitambaa nacho hakijui, na ndicho kimekaa nayo siku zote.

Wakampeleka masomoni. Huko alifundishwa kwa programu kali, zile zisizosamehe hata nukta, akarudi mkufunzi. Alirudi pia na ugonjwa wa kuchora majedwali. Hakuna jambo analolieleza bila kuvuta mistari: anachora kwenye bahasha, kwenye kiganja cha mkono, kwenye mvuke wa kioo cha dirisha asubuhi za baridi. Vumbi la nyuma ya basi langu ndiyo karatasi yake anayoipenda. Mimi naosha, yeye anasubiri lichafuke. Shemeji yetu, mkewe, ambaye ni muuguzi, anasema hata alipokwenda kwao kujitambulisha kwa ajili ya uchumba alichora jedwali la ndugu wa pande zote mbili, asije akachanganya shangazi na mama mdogo. Shangazi akalitazama jedwali lile na kuuliza kwa nini yeye amewekwa mstari wa chini. Posa ilichelewa kidogo.

Kwa wale wa jikoni, bustanini na karakana ambao hamjapita mikononi mwake, nieleze kwa ufupi. Hifadhidata ni majedwali yanayojuana. Jedwali la magari linayajua magari, jedwali la safari linazijua safari, na kila safari inabeba namba ya gari lake, kama mtoto anavyobeba jina la babake. SQL ni lugha ya kuyauliza majedwali hayo: nani alisafiri, lini, kwa gari gani. Mimi naijua. Niliingia darasa la Jumamosi alilolifungua kwa watumishi, na katika mtihani wa mwisho nilishika nafasi ya pili. Ya kwanza waligawana waliobaki.

Darasani kwake huanzi na kompyuta. Unaanza na chaki. Anawatoa wanafunzi mpaka kwenye ua wa saruji kati ya maabara na stoo, anachora majedwali chini, na kila mwanafunzi anasimama ndani ya kisanduku na kuwa mstari wa jedwali. Halafu anagawa kamba. Aliye safari anashika ncha moja, aliye gari anashika nyingine. Kisha Mzee anamwambia gari aondoke. Gari akipiga hatua, kamba zinakaza, safari wote wanapiga kelele kwamba wanavutwa. “Mmeona?” husema. “Gari lenye safari haliondoki hivihivi. Mkijaribu kulifuta, mashine itakataa.” Neno hilo, itakataa, alilipenda kama wengine wanavyopenda sukari. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililotaka kumponza.

Sasa nifike kwenye mwaka wa misukosuko, maana wasifu usio na dhoruba ni tangazo la kifo.

Mwaka huo kozi ya hifadhidata ilikuwa inakaribia kufungwa. Wanafunzi walikuwa wameanguka mtihani wa vitendo miaka miwili mfululizo, na sababu haikuwa vichwa vyao. Kwanza chuo kilikuwa kimeweka programu kubwa ya makampuni makubwa, ya kupendeza kwenye picha, lakini kompyuta zetu zilikuwa za kurithi. Unaifungua, unakwenda kunywa chai, unarudi, ndiyo kwanza inakuambia karibu. Nusu ya muhula iliishia kwenye kuisakinisha na nusu nyingine kwenye kuibembeleza. Ikaletwa ya pili, ya kubofya na kuburuta visanduku. Hiyo ilikwenda mbio, na wanafunzi waliifurahia sana, ila hawakuandika mstari hata mmoja wa SQL. Mtahini alipowanyang'anya kipanya na kuwapa kibodi tupu, walibaki kama dereva aliyekalia kiti asikute usukani.

Wakati huohuo wanafunzi wa ushonaji walikuwa wanabanana mpaka kwenye korido. Bodi ikakaa. Mwenyekiti wake alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu wa mikono mikubwa na maneno mafupi, na hoja yake ilikuwa ya haki: chumba kinachoangusha wanafunzi kipewe cherehani. Mkuu wa chuo, mama mpole asiyependa ugomvi, alimtetea Mzee Jedwali, naye akapewa nafasi moja ya mwisho. Mtihani unaofuata ukienda vibaya, maabara inafungwa na mkufunzi anarudi masijala kwenye makabati yake ya chuma. Mimi nilikuwa nje nikisubiri kuwarudisha wajumbe, na mlango wa ukumbi ule haujawahi kufungika vizuri. Nilimsikia Mzee akisema atabadilisha programu tena. Mwenyekiti akacheka puani. “Mwalimu, mchagua jembe si mkulima.” Na Mzee, bila kupandisha sauti, akamjibu: “Ni kweli, mwenyekiti. Lakini mkulima asiyejua kwamba jembe lake halina mpini, huyo naye tusimpe shamba.”

Wauzaji wa programu walisikia harufu. Walikuja na tai, na makabrasha yanayong'aa, na kalamu za bure ambazo baadhi yetu bado tunazitumia. Mzee aliwapokea kwa heshima, akawapeleka wote mahali pamoja: kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha, mashine kongwe kuliko zote, tuliyoiita Bibi. Bibi akiwashwa alinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa watu wengine. “Anza na Bibi,” aliwaambia. “Programu ni kama mkwe. Usimpime akiwa amevaa suti. Mpe mzigo abebe.” Wengi waliondoka na makabrasha yao kabla Bibi hajamaliza kuguna.

Aliyoibeba Bibi ilikuwa programu ndogo iitwayo SQLite, ya bure, isiyo na muuzaji wala tai. Haihitaji seva, yaani kompyuta kuu ya kuzihudumia nyingine. Hifadhidata nzima inakaa kwenye faili moja. Mwanafunzi anainakili kwenye flashi, anaitia mfukoni, anakwenda kufanya mazoezi popote atakapopata mashine. Tena haina visanduku vya kuburuta. Inakuonyesha mahali pa kuandika na kukaa kimya, ukitaka kitu useme kwa SQL. Maabara ikachangamka. Watu waliokuwa wanaogopa kibodi wakawa wanaandika maswali kama wanaotumiana ujumbe wa mapenzi. Muhula ule Mzee alitembea akipiga mluzi, na mluzi wake, kwa sisi tunaompenda, ni jambo la kuvumilia.

Kazi ya muhula ilikuwa hifadhidata ya usafiri wa chuo. Nisiwe mnyenyekevu bure: ilikuwa juu yangu. Jedwali la magari, jedwali la madereva, jedwali la safari, na basi letu kubwa la bluu likiwa mstari wa kwanza. Kazi ilipokamilika, Mzee akamwomba mkuu wa chuo aialike bodi ije ione kwa macho yake. Wakaja. Mwenyekiti akakaa mbele na mikono yake mikubwa juu ya magoti. Nasi wa darasa la Jumamosi tulialikwa, tukasimama nyuma tukiwa tumenyoosha mashati.

Maonyesho yalikwenda kama gari jipya kwenye lami mpya. Wanafunzi waliuliza, majedwali yakajibu, projekta ikaonyesha ukutani. Hapo Mzee akataka kuweka pambo la mwisho. Akageukia wajumbe akasema sasa atawaonyesha uzuri wa nadharia. Basi la bluu, akasema, lina safari chungu nzima zinazolitegemea. Nikijaribu kulifuta, mashine itakataa. Akaandika amri ya kufuta. Akabonyeza.

Mashine haikukataa. Haikusema lolote. Alipoliita jedwali la magari, basi langu halikuwepo. Alipoliita jedwali la safari, safari zote zilikuwepo, zimejipanga vizuri, kila moja ikitaja namba ya gari ambalo halimo duniani.

Mkuu wa chuo alitazama dari. Mwenyekiti akainama kuelekea ukutani, akasoma mstari mmoja, akasoma wa pili. “Mwalimu,” akasema, “gari limeondoka na safari zimebaki. Sasa abiria wamepanda nini?” Ukumbi ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko kile mkono mmoja ukanyooka. Alikuwa mwanafunzi tuliyemwita Binti Swali, binti wa fundi viatu wa pale mtaa wa nyuma, asiyeweza kunyamaza hata kwenye msiba. Kwa dhati kabisa, bila nia ya kumwaibisha mtu, akauliza: “Mwalimu, hawa yatima tuwapeleke wapi?”

Nimeona wakubwa wengi wakikwama. Mwingine husingizia umeme, mwingine husingizia virusi, mwingine humgeukia mwanafunzi na kumkaripia. Mzee Jedwali alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. “Ndugu wajumbe,” alisema, “mashine haijakosea. Niliyekosea ni mimi. Muhula mzima nimewaambia vijana hawa kwamba itakataa, na hata siku moja sikuiuliza kama kweli inakataa. Nilijua kitabu. Jembe sikulijaribu.”

Mwenyekiti alimtazama kwa muda, kama anavyotazama ukuta kabla ya kuugonga kwa kiganja. Kisha akasimama, akavaa kofia yake. “Mimi nimejenga maisha yangu yote,” akasema. “Fundi anayesema ‘nimekosea’ nyumba ikiwa bado imesimama, huyo namwachia nyundo. Mtihani uko palepale. Tutaonana baada ya mtihani.”

Jioni ile nilimrudisha nyumbani. Alisimama kando ya basi bila kupanda, uso umemshuka. Nikamfungulia mlango. “Panda, Mzee, kama mimi dereva hujanifuta.” Hakucheka. Tukaenda, tukapita mzunguko wa barabara, tukapita kituo cha mafuta, na ndipo tulipofika kwenye matuta akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akashika dashibodi. “Rubani,” akaniambia, kwa maana hivyo ndivyo anavyoniita, “wewe sasa hivi unaendesha nini?” Nikamwambia naendesha yatima. Aliposhuka hakuwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa mtu mwenye kazi kesho asubuhi.

Sababu yeye na wanafunzi wake waliipata upesi. Ile programu ndogo inajua kabisa kulinda kamba za majedwali, ila ulinzi wenyewe umezimwa tangu mwanzo, kwa kuwa waliotangulia kuitumia walizoea kufanya kazi bila huo, na waundaji hawakutaka kuwavunjia kazi zao. Unauwasha kwa mstari mmoja, na lazima uuwashe kila unapofungua. Mwalimu mwingine angeuongeza mstari ule, akafunga mdomo na kuendelea. Yeye alisimamisha ratiba yote akatangaza juma la kuvunja. Kazi ya kila mwanafunzi ilikuwa kuibana programu mpaka ipitishe jambo lisilofaa. Mmoja akaandika “arobaini” kwa herufi kwenye safu ya namba ya viti vya gari, ikapokea bila kukunja uso. Binti Swali alimsajili dereva aliyezaliwa kesho. Walivunja, wakacheka, wakaandika kila walichovunja kwenye ubao, na chini ya kila kosa Mzee aliwataka waseme nadharia inasemaje, na ni nani anayepaswa kukataa: mashine au wewe mwenyewe.

Hapo ndipo uchaguzi wake ulipokomaa. Aliona kwamba ile ndogo ni nzuri kwa kujifunzia kusema, ila mtoto anayesema lazima awe pia na shangazi wa kumkosoa. Akaenda kwa mhasibu, ambaye alikuwa na kompyuta mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine nzuri zaidi aliyoiwekea chombo cha maua juu. Waliongea faraghani. Maua yakahamia dirishani. Kompyuta ikaja maabara, ikawekewa programu kali iitwayo PostgreSQL, nayo ni ya bure, ikawa seva, na mashine nyingine zote zikaunganishwa kwayo kwa nyaya ambazo mimi mwenyewe nilizipitisha juu ya dari, kazi ambayo fundi umeme alisema haiwezekani kwa mtu wa umbo langu. Hata Bibi aliweza, maana mzigo mzito ulikuwa unabebwa na mwenzake. Sasa mwanafunzi akawa anaandika jambo lilelile mara mbili: kwanza kwa yule mpole, halafu kwa yule mkali. Mpole akikubali na mkali akikataa, unakaa chini na kujiuliza kwa nini. Na kabla ya wote wawili, chaki na kamba pale uani, kama zamani. “Programu zitakuja na kuondoka,” alikuwa akisema huku amejaa unga wa chaki mpaka kwenye nyusi. “Mimi nataka ujue kinachobaki zikiondoka.”

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka nje, mama mmoja wa miwani yenye mnyororo, asiyetabasamu bila sababu ya maandishi. Aliwapa kazi ya biashara ya kukodisha viti na mahema. “Chora kwanza majedwali kwenye karatasi, jenga, kisha jibu maswali yangu,” akasema. Sisi watumishi tulikuwa tunapita koridoni na ndoo, mafaili na visingizio vingine. Mzee hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye ngazi za stoo akachora jedwali kwenye vumbi, akalifuta, akachora tena.

Mwisho mtahini akamwita Binti Swali mbele, akafungua laptopu yake mwenyewe. Ndani kulikuwa na programu ya tatu, ambayo hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kuiona. Akamwambia ajenge majedwali yake humo. Tuliochungulia dirishani tukashika vichwa. Binti hakugusa kibodi. Alimgeukia mtahini kwa adabu akauliza: “Samahani, mama. Hii inakataa yatima yenyewe, au niiulize kwanza?” Mtahini akamtazama juu ya miwani. Akamwambia iulize. Binti akajenga majedwali mawili madogo, akatia mstari mmoja huku na mmoja kule, akajaribu kuufuta ule unaotegemewa na mwenzake. Skrini ikamkatalia kwa wekundu. “Ahsante,” akasema binti, na ndipo akaanza kazi.

Mtahini alitabasamu. Nina mashahidi.

Walifaulu. Mmoja alibaki, naye alirudia baadaye akafaulu. Matokeo yalipobandikwa, mwenyekiti wa bodi alikuja mwenyewe bila kuitwa, akasimama mlangoni mwa maabara, akaugonga ukuta kwa kiganja. “Huu hauanguki,” akasema. “Baki na chumba chako. Cherehani nitazijengea chumba chao.” Na alikijenga. Ndicho kile cha upande wa pili wa ua, na ndiyo maana leo somo la hifadhidata linafundishwa kwa mdundo wa cherehani, na wanafunzi wa ushonaji ndio wanaotuchangia kamba.

Tangu hapo Mzee amekuwa mtu wa kuitwa. Vyuo vingine vinamwandikia vikiuliza vichague programu gani ya kufundishia SQL. Nimempeleka kwingi, na jibu lake ni lilelile. Hasemi jina la programu. Anauliza: “Mashine yenu mbovu kuliko zote iko wapi?” Wakimwonyesha, anavua koti, anakaa mbele yake. Halafu anauliza kama kuna ua na chaki. Waliotarajia hotuba hubaki wameduwaa, na waliotarajia posho ya semina hubaki na njaa. Waliopita mikononi mwake leo wako kwenye ofisi za maji, kwenye hospitali, kwenye maghala. Ukienda mahali ukahudumiwa bila kuulizwa jina lako mara tatu, uliza vizuri. Huenda kijana aliyepanga majedwali hayo aliwahi kusimama uani kwetu na kamba mkononi.

Asije mtu akadhani tunamuaga malaika. Ni mbishi. Chaki anaitumia mpaka inabaki ya kushikwa kwa kucha, na shemeji analalamika kwamba kila suruali anayofua ina unga mifukoni. Mluzi nimeshautaja. Katika safari zote hizo hajawahi kukubali kwamba mimi najua njia ya mkato, hata siku tulipopita njia ya mkato na tukafika kabla ya mtu wa kutupokea. Lakini nilipofiwa na mama yangu, alikuwa wa kwanza kufika. Alikaa na wadogo zangu akachora jedwali la nani atalala wapi, nani atapika, nani atakwenda kupokea wageni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaweza kupumua.

Nimalizie na jambo lililotokea majuzi.

Karani wa utumishi, kijana mwenye haraka, alikuwa akisafisha kumbukumbu za watumishi kabla ya mwezi kuisha. Mfumo huo ulijengwa na Binti Swali, ambaye siku hizi ni mkufunzi msaidizi wa maabara na ndiye atakayekabidhiwa funguo Ijumaa. Karani akamwona Mzee Jedwali kwenye orodha ya wanaoondoka, akaandika amri ya kumfuta. Akabonyeza. Ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa, ikamwambia kuna kozi, mitihani na wanafunzi wa miaka na miaka wanaomtegemea mtu huyu. Alikuja mbio mpaka maabara, mimi nikiwa hapo nakunywa chai na Mzee. “Mzee, shikamoo. Mzee, nakufuta hufutiki!”

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. Sijawahi kumwona mtu akifurahia hivyo kukataliwa. “Marahaba, mwanangu,” akasema. “Mtu akistaafu hafutwi. Nenda kwenye safu ya hali, palipoandikwa kazini andika mstaafu. Basi. Kamba zote ziache zilivyo.” Kisha akamgeukia Binti Swali, aliyekuwa akipangusa skrini ya Bibi, na kumtupia jicho la zamani, jicho la uani. “Ulijua itakataa?”

“Sikujua, mwalimu,” akajibu. “Nilijaribu. Mwaka jana nilichukua nakala nikakufuta humo, nione.”

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na akachelewa kidogo kuivaa.

Mzee Jedwali, kwa niaba ya mkuu wa chuo, wakufunzi, masijala, jikoni, karakana, ushonaji na wote uliowahi kuwasimamisha juani kwa jina la nadharia, ahsante. Umetufundisha kujaribu jembe kabla ya kulisifu, na kusema “nimekosea” nyumba ikiwa bado imesimama. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usio na kengele, na shemeji apate suruali zisizo na chaki. Maisha mema yakupokee huko uendako, nawe uyapange upendavyo, shangazi wote wakiwa mstari wa juu.

Ijumaa saa kumi nitakuwa getini na lile basi la bluu ulilolifuta. Kiti cha mbele ni chako. Nimeliosha lote, isipokuwa nyuma.